Jina Moja, Vitu Vinne: Uteuzi wa Transfoma na Ufifishaji wa Taa za Volti 12 Jukwaani

Utangulizi

Mkenya anapotajiwa neno transfoma, kinachomjia akilini kwanza ni lile pipa la chuma lililoinuliwa juu ya milingoti kandokando ya barabara, ambalo wezi wamekuwa wakilivamia kwa ajili ya mafuta na shaba iliyomo. Pipa hilo hupokea umeme wa volti 11,000 au 33,000 na kuutoa ukiwa umepunguzwa hadi volti 240 zinazoingia katika nyumba ya kawaida. Neno lenyewe limetoholewa vyema, limezoeleka, na hakuna haja ya kulitafutia mbadala. Mushkeli unaanza pale neno hilohilo linaposhuka kutoka mlingotini na kuingia ukumbini, kwani humo linatumika kuviita vitu visivyopungua vinne ambavyo utendaji wake haufanani.

Makala haya yanadhamiria kuvitofautisha vitu hivyo kwa kurejelea taa za volti 12 ambazo hutumika kumulika majukwaa madogo, na kueleza jinsi ya kuvichagua na jinsi ya kufifisha taa zinazovitegemea. Yamkini msomaji atashangaa ni kwa nini mada ya aina hii ijadiliwe na wanafunzi wa Kiswahili. Jibu liko katika tamthilia. Watunzi wetu huandika katika maelekezo ya jukwaani kwamba mwangaza ufifie, uzimike taratibu, au ubakie kwa mhusika mmoja pekee. Wanaoigiza tamthilia hizo vyuoni mara nyingi hutumia kumbi za mikutano zisizo na mitambo ya taa za maonyesho, na wengi wao hukimbilia taa ndogo za volti 12 kwa kuwa ni nyepesi, hazigharimu pesa nyingi, na miali yake huelekezwa kwa urahisi. Hapo ndipo mwanafunzi wa fasihi anapolazimika kuwa fundi kwa muda, akiwa na msamiati usiomtosheleza.

Dhana ya "umeme mdogo"

Kabla ya kuzungumzia transfoma, yafaa dhana moja potofu isahihishwe. Taa hizi aghalabu huelezwa kuwa za "umeme mdogo". Maelezo hayo yana ukweli nusu tu. Kilicho kidogo ni volti. Mkondo ni mkubwa sana. Nguvu ya taa, inayopimwa kwa wati, hupatikana kwa kuzidisha volti na ampia. Taa ya wati 50 inayotumia volti 240 huvuta takriban ampia 0.2. Taa ya wati hizohizo inayotumia volti 12 huvuta takriban ampia 4.2, yaani mara 20 zaidi. Taa tatu za aina hiyo huvuta ampia 12.5, na mkondo huo hauhitaji kumpiga mtu ili umdhuru: hupasha moto waya mwembamba, hulegeza na kuunguza maungio, na huweza kuwasha pazia.

Anayeambiwa kwamba umeme ni mdogo atachukua waya mdogo. Hilo ndilo kosa la kwanza, na limezaliwa na lugha. Chukulia taa moja ya halojeni ya wati 50 iliyo umbali wa mita 10 kutoka kwa transfoma, ikiunganishwa kwa nyaya za shaba zenye ukubwa wa milimita mraba 1.5. Mkondo unakwenda mita 10 na kurudi mita 10, na katika safari hiyo karibu volti 1 nzima hupotea. Taa hupata takriban volti 11 badala ya 12. Upungufu huo unaonekana kuwa hafifu, lakini mwanga wa balbu yenye uzi hushuka kwa kasi kuliko volti, hivi kwamba karibu robo ya mwanga hupotea. Nyaya zikiwa za milimita mraba 4, upotevu huo hushuka hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyo, ni heri transfoma iwekwe karibu na taa, na waya mrefu uwe ule wa volti 240. Vilevile, kila taa ipewe jozi yake ya nyaya kutoka kwa transfoma. Taa zikiunganishwa kwa mfuatano kutoka moja hadi nyingine, ile ya mwisho huwa hafifu kuliko wenzake, na mwigizaji anayesimama chini yake huonekana kana kwamba mkurugenzi amemsahau.

Badala ya "umeme mdogo", basi, yafaa isemwe "volti ndogo". Tofauti ni ya neno moja tu.

Vitu vinne vinavyoitwa transfoma

Kitu cha kwanza ndicho transfoma halisi: koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Mkondo geu unaopita katika koili ya kuingilia huzalisha usumaku unaobadilikabadilika ndani ya kiini, na usumaku huo huamsha volti katika koili ya kutokea. Chanzo cha maarifa haya ni ugunduzi wa Michael Faraday mwaka 1831, na mnamo 1885 wahandisi watatu wa kampuni ya Ganz mjini Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, waliunda transfoma zilizoweza kutegemewa katika usambazaji wa umeme. Volti hugawanyika kwa kadiri ya mizunguko ya waya: mizunguko ya kuingilia ikiwa mara 20 ya mizunguko ya kutokea, volti 240 hutoka zikiwa 12. Transfoma hii ni nzito, huvuma kidogo, na hudumu miaka mingi. Makala haya yanaiita transfoma ya chuma.

Kinachoifanya iwe salama zaidi ni kwamba koili zake mbili hazigusani. Mtu anayegusa waya wa volti 12 hajaunganishwa na umeme wa volti 240 kwa njia yoyote. Hapa onyo linahitajika. Kuna transfoma zenye koili moja tu, ambazo hutoa volti ndogo kwa kuchukua sehemu ya koili hiyohiyo. Zimewahi kutumika sana katika kumbi za maonyesho kufifishia taa za volti kubwa, na kwa kazi hiyo ni nzuri mno. Hata hivyo, kamwe zisitumiwe kulisha taa za volti 12, kwa kuwa kosa dogo la muunganisho linaweza kuleta volti 240 hadi kwenye mkono wa anayepanga taa. Kipimo cha volti kitaonyesha 12 katika hali zote mbili na hakitafichua hatari hiyo.

Kitu cha pili ni transfoma ya kielektroniki, kijisanduku chepesi kinachotoshea kiganjani. Ndani yake mna transfoma ndogo sana, lakini kabla ya umeme kuifikia, mkondo unaobadilika mara 50 kwa sekunde hugeuzwa uwe wa kubadilika mara maelfu mengi kwa sekunde. Wepesi wake unatokana na mabadiliko hayo ya kasi. Kutokana na kasi hiyohiyo, waya wa kutokea hauruhusiwi kuwa mrefu. Wengi wa watengenezaji huweka kikomo cha takriban mita 2, ama sivyo waya hugeuka kuwa erio inayovuruga redio na vipaza sauti. Ukumbi ambao vipaza sauti vyake hulia "zzz" kila taa zinapowashwa hauna mapepo. Isitoshe, kipimo cha volti cha bei rahisi hudanganya kinapotumiwa kupima umeme wa aina hii, na fundi anaweza kukitupa kifaa kizima akidhani kimeharibika.

Cha tatu ni kigeuzi cha LED chenye volti thabiti. Hiki hutoa volti 12 za mkondo wa moja kwa moja, wala si mkondo geu. Taa za utepe huhitaji hiki. Cha nne ni kigeuzi cha LED chenye mkondo thabiti, ambacho kwa hakika hakina volti moja maalumu: hushikilia mkondo, tuseme miliampia 350, na kuziacha volti zipande au kushuka kulingana na idadi ya taa zilizounganishwa kwa mfuatano. Kuunganisha taa ya utepe ya volti 12 kwenye kigeuzi hiki, au kuunganisha LED tupu kwenye kigeuzi cha volti thabiti, ni njia ya hakika ya kuiharibu au kuikuta haiwaki ipasavyo.

Sasa na izingatiwe sentensi hii, ambayo mwalimu yeyote wa Kiswahili angeipa alama zote kwa sarufi: Unganisha taa kwenye transfoma ya volti 12. Mwanafunzi aliyetumwa dukani kwa sentensi hiyo anaweza kurudi na kitu cha kwanza, cha pili au cha tatu, na mwuza duka akampa hata cha nne, na kila mmoja akaapa kuwa ametii. Sentensi si mbovu. Ila istilahi yake haijakata.

Kuchagua kwa mujibu wa mzigo

Transfoma ya chuma huandikwa uwezo wake kwa volti-ampia, na kwa taa za uzi tarakimu hiyo yaweza kulinganishwa na wati moja kwa moja. Jukwaa lenye taa sita za halojeni za wati 50 lina mzigo wa wati 300. Transfoma moja ya volti-ampia 300 ingeutosheleza, lakini ingetoa ampia 25 upande wa volti 12, na ikiharibika jukwaa zima hubaki gizani. Mbili za volti-ampia 150, kila moja ikihudumia taa tatu upande wake, ni uamuzi wa busara zaidi.

Ipo tabia ya kununua transfoma kubwa kuliko mahitaji kwa hofu ya kuilemea. Kwa transfoma ya chuma, tabia hii ina gharama yake. Volti 12 zilizoandikwa juu yake ni zile inazotoa ikiwa imebeba mzigo wake kamili. Ikibebeshwa kidogo, volti hupanda. Balbu ya halojeni inayopata asilimia 5 zaidi ya volti zake hung'aa kwa uzuri, lakini umri wake hupungua karibu kwa nusu. Aidha, balbu moja kati ya tatu ikiungua, mbili zilizobaki hupata volti zaidi kidogo na kuanza safari ya kumfuata mwenzao. Kwa hivyo balbu iliyoungua ibadilishwe mapema.

Transfoma ya kielektroniki nayo ina mpaka wa chini na wa juu. Ikiwa imeandikwa wati 35 hadi 105, itahudumia taa mbili za wati 50 bila tatizo. Suala hili limepata uzito mpya katika miaka ya karibuni. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni aina nyingi za balbu za halojeni hatua kwa hatua kati ya 2016 na 2023, na taa za LED zimechukua nafasi yake. Mtu huchomoa halojeni mbili za wati 50 na kuchomeka LED mbili za wati 5 zenye umbo lilelile na soketi ileile. Mzigo umeshuka kutoka wati 100 hadi 10, chini ya mpaka wa wati 35. Taa zinapepesa, zinawaka na kuzima, au hazionyeshi uhai kabisa. Lawama huielekea taa mpya, ilhali taa haina kosa. Dawa ni kubadilisha kijisanduku: kuweka kigeuzi cha LED cha volti 12 thabiti, au kurudi kwenye transfoma ya chuma ikiwa taa hizo zimeandikwa kuwa zinakubali mkondo geu.

Kufifisha

Kifaa cha kupunguza mwanga, ambacho kwa utohozi huitwa dima, kinaweza kuitwa kififishi kwa kufuata kitenzi fifisha ambacho waandishi wa tamthilia wamekizoea. Hapo zamani kumbi za maonyesho zilififisha taa kwa kuupitisha mkondo katika ukinzani mkubwa, wakati mwingine mtungi wa maji ya chumvi wenye bamba za chuma zilizosogezwa karibu au mbali. Nguvu isiyohitajika ilipotea kama joto. Vififishi vya sasa havizuii mkondo, vinaukata.

Umeme wa volti 240 huja kama mawimbi, na kwa kuwa hubadilika mara 50 kwa sekunde, kuna nusu-mawimbi 100 kila sekunde, kila moja ikidumu milisekunde 10. Kififishi hufungua na kufunga njia ndani ya kila nusu-wimbi. Kipo cha kukata mbele: huchelewesha mwanzo, kisha huufungulia mkondo ghafla hadi wimbi liishe. Na kipo cha kukata nyuma: huufungulia mkondo wimbi linapoanza taratibu, kisha huufunga kabla ya mwisho wake. Kwa jicho la mtazamaji matokeo ni yaleyale. Kwa transfoma, tofauti ni kama ya mtu anayesukumwa na mtu anayezuiwa.

Transfoma ya chuma hustahimili kufunguliwa ghafla, kwa sababu koili yake huuzuia mkondo usipande kwa pupa. Isichostahimili ni kukatwa mkondo ghafla: usumaku ulio ndani ya kiini hauna pa kwenda, nao huzusha mruko wa volti unaoweza kukiua kififishi. Basi transfoma ya chuma ipewe kififishi cha kukata mbele kilichoandikwa kuwa kinafaa kwa mzigo wa koili. Transfoma nyingi za kielektroniki, kwa upande wake, zina kapasita mlangoni, na kapasita ikifunguliwa ghafla hufyonza mkondo kwa fujo; husikika ikivuma na hudhoofika kabla ya wakati wake. Hizi hupewa kififishi cha kukata nyuma, isipokuwa pale mtengenezaji anaposema vinginevyo.

Katika hali zote hizo kififishi huwekwa upande wa volti 240, kabla ya transfoma. Uwezo wake ulioandikwa kwa wati mara nyingi huhusu balbu za kawaida tu, na kwa mzigo wa transfoma hushuka. Tarakimu ndogo iliyo pembeni ndiyo isomwe. Transfoma ya chuma inayofifishwa isiachwe bila taa, maana kififishi hukosa mkondo wa kukiongoza, nusu ya juu ya wimbi hupita isivyolingana na nusu ya chini, na kiini huelemewa na usumaku wa upande mmoja hadi koili ya kuingilia ichemke. Fyuzi upande wa volti 240 ni lazima, na kwa transfoma ya umbo la duara iwe fyuzi ya kuchelewa, kwa kuwa transfoma hizo hubugia mkondo mwingi sana katika nukta ile ya kuwashwa.

Utepe wa LED una utaratibu wake. Kigeuzi chake hakiguswi. Kififishi huwekwa baada yake, upande wa volti 12, na hukatakata mkondo mara mamia au maelfu kwa sekunde. Kuweka kififishi cha ukutani mbele ya kigeuzi ambacho hakikuandikwa kuwa kinafifishika ni kukiharibu kwa kujitakia.

Nafasi ya istilahi

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi haikuanza jana. BAKITA liliundwa mwaka 1967, na TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Aidha, Katiba ya Kenya ya 2010 imeipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Pengo lililopo si la maneno ya fizikia ya darasani, ambayo yapo tele; ni la maneno ya kijisanduku kilicho mkononi. Mwanafunzi anaweza kuieleza sumaku kwa Kiswahili sanifu kisha akashindwa kumwambia mwenzake ni kijisanduku kipi anunue.

Pendekezo hapa ni la kiasi. Neno transfoma libakie, lakini lisitembee peke yake: transfoma ya chuma na transfoma ya kielektroniki. Vile viwili vya LED viitwe vigeuzi, kimoja cha volti thabiti na kingine cha mkondo thabiti. Kififishi kitajwe pamoja na tabia yake, cha kukata mbele au cha kukata nyuma. Sentensi iliyotajwa awali ingeandikwa hivi: Unganisha taa tatu za halojeni za wati 50 kwenye transfoma ya chuma ya koili mbili, volti 240 kwa 12, volti-ampia 150, ikitanguliwa na fyuzi ya kuchelewa na kififishi cha kukata mbele kinachofaa kwa mzigo wa koili. Ni ndefu na haina ladha. Lakini mwuza duka hawezi kuielewa vingine.

Rangi ya machweo

Limesalia jambo moja linalomhusu mkurugenzi kuliko fundi. Balbu ya uzi ikififishwa haipunguzi mwanga tu. Uzi hupoa, na mwanga hugeuka kutoka weupe hadi umanjano na hatimaye wekundu wa kaa. Kwa miongo mingi, taa zilipofifia jukwaani, jua lilionekana kuchwa bila mtu yeyote kulipanga. LED ya kawaida haibadiliki rangi: nyeupe hubaki nyeupe hadi gizani, na machweo hugeuka kuwa usiku wa hospitali. Zipo LED zilizoundwa ziige wekundu huo, nazo huandikwa hivyo. Asiyeweza kuzipata anaweza kutumia makundi mawili ya taa, moja nyeupe na moja lililofunikwa karatasi ya rangi ya kahawia-njano inayostahimili joto, kila moja na kififishi chake, akishusha la kwanza huku la pili likisubiri. Halojeni nayo ina sharti lake: kioo chake kinahitaji joto la takriban nyuzi 250 ili mvuke wa uzi usigande ndani yake. Ikiachwa imefifia saa nyingi, kama katika mazoezi ya onyesho la usiku, kioo huanza kuwa cheusi. Basi iwashwe kwa nguvu zake zote kwa dakika kadhaa kabla ya watazamaji kuingia.